Njaa ya Siku Tatu Kabla ya Kliniki

Mwanangu wa kwanza alikuwa na siku tatu za njaa kila mwezi, na mimi niliyemzaa nilizisifu siku hizo. Hilo linanikasirisha kuliko yote nitakayoyasema hapa, ndiyo maana nalitanguliza. Anayeniandikia ni binti yake. Mimi sikuketi darasani hata asubuhi moja, na kalamu sijui kuishika. Nimemwambia asilainishe neno lolote eti kwa sababu linamhusu baba yake. Nimemwambia pia kwamba machozi yakimjia tutapumzika kidogo, kisha tutaendelea.

Mwanangu anaishi Koboko. Ana duka la vipuri vya baiskeli na maturubai, karibu na kituo cha magari yaendayo mpakani. Mimi ninaishi Arua, upande wa Ombaci, katika boma aliloniachia mume wangu. Mwanangu alipoonekana kuwa na ugonjwa wa sukari, aliandikiwa kliniki katika hospitali moja ya huku kwetu, mara moja kila mwezi. Kwa hiyo kila mwezi, siku moja kabla ya kliniki, alishuka kutoka Koboko, akalala kwangu, na asubuhi akaenda kuchomwa kidole ili damu yake ipimwe. Mimi nilimwona siku hizo tu. Msomaji alikumbuke hilo, maana humo ndimo nilimodanganyika.

Alipofika nilimpikia, kama mama yeyote angefanya. Nilisonga enya, ule ugali wetu wa muhogo na mtama, nikapika majani ya kunde kwa ufuta uliosagwa, mboga aliyoipenda tangu alipoota meno. Naye alikaa mbali na chakula kama mtu aliyeletewa mashtaka.

“Mama, usinipakulie. Nimepunguza.”

“Umepunguza nini?”

“Kula. Daktari amesema nipunguze.”

“Alisema upunguze, au alisema uache?”

“Mama, mambo ya hospitali wewe huyajui.”

Nikanyamaza. Tangu ujana wangu watu waliosoma wamekuwa wakininyamazisha kwa maneno hayo hayo, na kila mara nimenyamaza, na kila mara nimejuta. Usiku ule alikunywa maji yaliyokamuliwa ndimu, akalala. Asubuhi alikwenda hospitali bila kuonja hata kiazi. Alirudi mchana akitabasamu, ameshika kadi.

“Tazama, Mama!”

“Nitazame nini? Mimi naona mahali kuku alipokwaruza.”

“Muuguzi ameniambia hongera. Sukari imeshuka.”

Nami nikafurahi. Nilipiga vigelegele peke yangu uani, mwanamke wa umri wangu. Niliona shati lake lina madoa ya mafuta, nikajua kwamba kabla ya kufika kwangu amepita mjini kwa wachoma nyama. Niliona pia anakunywa soda ya pili mchana ule ule. Nikasema moyoni, mwacheni ale, ameteseka. Alipanda gari kurudi Koboko akiwa na mfuko wa chapati mapajani. Hivyo ndivyo tulivyoishi karibu miaka miwili: yeye akifunga siku tatu ili mashine impendeze muuguzi, mimi nikimpigia vigelegele, na siku zote zilizobaki za mwezi nikiwa sizijui.

Lakini njaa ninaijua. Tulipokimbilia Kongo wakati wa vita, mwanangu huyu alikuwa bado mgongoni. Tulikula mizizi ambayo hata majina yake hatukuyajua. Chakula cha msaada kilipotufikia, niliona watu wazima, watu wenye akili zao, wakila hadi wakaanguka. Tumbo lililokaa bila kitu huvamia kile linachopewa, na baadaye halitaki tena kuamini kwamba kesho kutakuwa na kingine. Hayo niliyaona kwa macho yangu, na hakuna shule inayoweza kuniambia kwamba sikuyaona. Sasa niambieni mimi, mwanamke niliyebeba mtoto katika njaa ile, ilikuwaje nimwone mtoto huyo huyo akijinyima kwa makusudi kisha akila kwa pupa, nisitambue jambo nililolijua tangu zamani? Nilitambua. Niliogopa kuonekana mjinga, basi. Hasira zangu nyingine zote zinaanzia hapo.

Mwezi uliovunja mambo, nilifuatana naye hospitali kwa sababu macho yangu yalikuwa yakitoa maji. Tuliketi kwenye benchi pamoja na wagonjwa wengine. Alianza kutoka jasho, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Mikono yake ikatetemeka. Akaniita kwa jina la dada yake, akaniuliza kama mbuzi wamefungwa. Kisha akateremka kutoka kwenye benchi polepole, mtu mzima mwenye duka na watoto, akalala sakafuni miguuni pangu.

Nilipiga kelele. Mwanamke aliyekuwa akiuza chai nje ya lango aliingia mbio na kikombe cha maji aliyoyakoroga sukari nyingi, akafika pamoja na muuguzi. Muuguzi akamwinua kichwa na kumnywesha kidogo kidogo. Alipofungua macho, muuguzi alinigeukia mimi.

“Mama, leo amekula nini?”

“Hajala.”

“Jana?”

“Jana alikunywa maji.”

“Na juzi?”

Juzi alikuwa Koboko. Muuguzi akaomba ruhusa, akafungua mfuko wa mwanangu. Mlikuwa na vidonge vya hospitali, navyo alivimeza asubuhi ile bila chochote tumboni. Tena mlikuwa na vifuko vya majani makavu ambayo watu huuza pale Vurra, mpakani, wakisema ni chai ya kuondoa mafuta mwilini. Muuguzi alivinusa akavitupa.

“Hii inaharisha, haifanyi kingine. Na hivi vidonge vinashusha sukari, Mama. Visipokuta chakula tumboni vinamshusha mwenyewe. Huyu angeweza kufia njiani.”

Walimlaza kitandani. Daktari, msichana mdogo kuliko binti yangu wa mwisho, akasema avuliwe viatu. Mwanangu alikataa. Nikamvua mimi. Soksi ya mguu wa kushoto ilikuwa imegandamana na nyama. Ilipotoka, harufu ilijaa chumba, na mama mmoja wa kitanda cha jirani akageuza uso ukutani. Chini ya kidole kikubwa cha mguu palikuwa na kidonda chenye shimo. Miezi yote ile alikuwa nacho ndani ya kiatu, hakisikii kwa sababu ugonjwa ulikwisha kuua hisia za nyayo, na alipokiona hakusema.

Daktari aliweka kadi kando ya mguu, akavitazama vyote viwili.

“Nikisoma kadi hii, mtu huyu hana shida. Nikitazama mguu huu, sukari yake imekuwa juu muda mrefu sana. Kimoja kati ya hivi kinanidanganya, na mguu hauwezi.”

Akasema kidonda kitasafishwa, dawa itatolewa, na kila wiki tutakitazama. Kikianza kufunga, vema. Kisipoanza, watakata. Nikamuuliza watakata wapi. Akaonyesha kwa kiganja chake, juu ya kifundo.

Mimi sikulia. Nilingoja mpaka daktari alipotoka, nikamwinamia mwanangu.

“Kwa nini?”

“Mama, muuguzi hugombeza watu mbele ya wengine. Namba ikiwa mbaya anaisema kwa sauti.”

“Kwa hiyo uliogopa kugombezwa.”

Akafumba macho.

“Nakuuliza. Una miaka zaidi ya arobaini. Uliogopa kugombezwa na binti wa watu, ukaona afadhali mguu uozee ndani ya kiatu?”

“Mama, punguza sauti.”

“Neno lako ni hilo hilo moja. Kupunguza!”

Baada ya siku chache walimruhusu. Nilifunga nguo zangu katika kanga, nikamwachia jirani kuku wangu, nikapanda naye gari la Koboko. Hakunialika. Nilitaka kuziona siku zile nyingine za mwezi.

Niliziona siku ya kwanza tu. Mbele ya duka lake kuna kibaraza, na saa saba wanaume hukutana hapo kula: mwanangu, mdogo wake wanayefanya naye kazi, mfanyabiashara mmoja wa vitenge atokaye Kongo, na mwingine wa Sudan Kusini anayenunua maturubai. Mke wake, mkwe wangu, huwaletea sinia moja. Katikati ya sinia kulikuwa na mlima wa enya mkubwa kuliko kichwa changu, pembeni bakuli la nyama iliyoogelea katika mafuta, na chini ya meza chupa za soda. Wanaume hula haraka, kwa kuwa mwenye kuchelewa hukuta sinia limebaki jeupe. Hakuna ajuaye nani amekula kiasi gani. Mkono unakwenda, mkono unarudi, hadithi zinaendelea, na mtu akiondoa mkono mapema huulizwa ana nini. Halafu jioni walirudia. Katikati ya mchana na jioni palikuwa na chai ya vijiko vinne vya sukari, na mandazi.

Nikasema, basi, dawa ni nyepesi. Kesho yake nilimpikia mwanangu chakula chake, kidogo, cha mboga nyingi, nikakiweka katika sahani yake peke yake, nikaipeleka kibarazani mwenyewe, nikaitua mbele yake.

Naomba anayesoma, kama si mtu wa huku, anielewe. Kwetu, watu wanaokula pamoja wanahakikishiana kwamba hakuna aliyemtilia mwenzake kitu. Hofu ya sumu ni ya zamani na imevunja jamaa nyingi, hata zile zinazokwenda kanisani kila Jumapili. Mwenye kuletewa sahani yake peke yake, na mama yake mzazi, mbele ya ndugu yake, amekwisha kusema jambo zito bila kufungua kinywa. Mimi nililijua hilo tangu kuzaliwa. Lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa ule mguu, sikukumbuka kingine.

Mdogo wake aliiangalia ile sahani. Akautoa mkono wake katika sinia, akaufuta polepole.

“Mama, sisi tumemtilia kaka nini?”

“Hakuna aliyesema hivyo.”

“Sahani imesema.”

Yule Mkongo naye akainua mikono yake. “Mama, mimi niko mutu ya biashara. Mimi sijue kitu. Mimi nakula tu.”

“Mwanangu anaumwa,” nilisema. “Chakula cha mgonjwa ni tofauti.”

“Anaumwa sukari, tunajua,” mdogo wake alijibu. “Lakini kwa sukari watu huanza kula peke yao? Tumbo la mama mmoja, leo ananiogopa?”

Na mwanangu, yule niliyekuwa nikimtetea, alifanya nini? Aliisukuma sahani yangu kando, akavuta sinia, akala. Angekula kwa mikono mitatu, kama ingewezekana. Alikula mpaka wenzake wakacheka na kurudisha mikono yao, na amani ikarudi. Amani ile ililipwa kwa mguu wake, nami nilisimama pale nikitazama.

Ndipo nilipoelewa kwa nini alichagua njaa. Siku tatu angeweza kujifanya amesafiri, au ana malaria, au anafunga kwa maombi. Siku tatu mtu hupata udhuru. Lakini kula kidogo kila siku, mbele ya watu wale wale, katika sinia lile lile, hakuweza, kwa sababu kila siku angeulizwa, na kila siku angekuwa anamshtaki ndugu yake. Alikuwa mtu mwenye nguvu za kujinyima chakula siku tatu, lakini hakuwa na nguvu za kuondoa mkono mapema.

Nilikaa jikoni siku nzima kwa ghadhabu, nikimenya muhogo ambao hakuna aliyeniomba nimenye. Jioni nikamwambia mkwe wangu kwamba sahani ya mgonjwa imekufa. Tutageuza sinia.

“Tunaligeuzaje, Mama?”

“Wote watakula anachopaswa kula yeye.”

Aliweka mwiko chini. Ni mwanamke mwema, lakini siku ile alinipinga, na alikuwa na haki ya kunipinga. “Wageni watasema duka limeanguka.”

“Waseme.”

“Watasema mimi mvivu, nawapa watu majani.”

“Waambie mama mkwe wako amekukalia kooni. Si uongo.”

Nilijua kosa la kuruka hatua. Sikuondoa kitu kwa siku moja, maana anayeondoa yote leo atayarudisha yote keshokutwa, na juu yake ataongeza. Wiki ya kwanza tulianza na mpangilio tu. Mboga na maharage vilitangulia kibarazani katika bakuli kubwa, enya tukaichelewesha jikoni, tukisema bado haijakaza. Wanaume wenye njaa hawangoji, walikula mboga. Enya ilipofika, matumbo yalikuwa yamekwisha kupata kitu. Tuliipunguza ngumi moja wiki ile, ngumi nyingine wiki iliyofuata. Nyama ikawa ya Jumapili, na siku nyingine tukapika angara, wale samaki wadogo wakavu wa mtoni, pamoja na nyanya. Majani ya muhogo ambayo mkwe wangu alizoea kuyazamisha katika mafuta, nilimwonyesha jinsi mama yangu alivyoyapika kwa karanga za kusaga kiasi cha kiganja, na yakawa matamu zaidi. Sukari ya chai tuliitoa nusu kijiko kwa nusu kijiko. Mandazi yakageuka kuwa mahindi ya kuchemsha, moja moja.

Sitadanganya kwamba walifurahi.

“Mama, foufou iko wapi?” yule Mkongo, ambaye enya huiita foufou, aliita siku moja kutoka kibarazani. “Miye naona majani tu. Miye si mbuzi!”

“Mbuzi hachomwi kidole kila mwezi,” nilimjibu kutoka jikoni.

Yule wa Sudan Kusini, mtu mrefu mwenye kusema kidogo, alicheka mpaka akakohoa. “Mama amesema kweli. Mbuzi iko na akili kushinda wewe.”

“Wewe nyamaza, wewe iko mrefu, majani inachelewa kufika chini.”

Walicheka, lakini walikula. Aliyenikasirisha hakuwa Mkongo. Alikuwa mwanangu wa pili. Nilikuta chupa za soda nyuma ya maturubai, zimefunikwa kwa gunia, na mfuko wa chapati. Nilipomuuliza alisema alikuwa akimwonea kaka yake huruma. Huruma! Nilizimwaga soda zile mbele yake, moja baada ya nyingine, katika mtaro wa barabarani, wapita njia wakitazama. Nikamwambia kwamba kama huruma yake ni tamu hivyo, ajitayarishe kumbeba kaka yake mgongoni mpaka msalani maisha yake yote. Alinuna siku mbili. Lakini aliyachukua maneno yangu kama matusi matupu, na hapo nilipaswa kugundua kwamba hakujua habari za kidonda. Mwanangu mkubwa alikuwa akiwaficha wanaume mguu wake bado. Aliwaambia viatu vinambana.

Kila wiki tulishuka Arua, kidonda kikasafishwa, daktari akakitazama bila kusema mengi. Hakikukua. Wala hakikufunga. Kisha siku ya kliniki, siku ya kuchomwa kidole, ikakaribia.

Siku tatu kabla yake, nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko nikiwaangalia wanaume wakila. Mkono wa mwanangu ulikwenda kwenye sinia ukarudi mdomoni. Ukaenda, ukarudi. Taya zake zikatembea. Nilitazama tena, nikaona vidole vyake havikushika kitu. Alikuwa akigusa enya, akirudisha mkono mtupu, na kutafuna hewa. Katikati ya mikono minne, nani angejua? Aliijua kazi ile vizuri. Mtu hafanyi hivyo kwa ustadi namna ile mara ya kwanza.

Sikumbuki kwamba nilitembea. Nakumbuka tu nimeketi kibarazani, juu ya mkeka, katikati ya wanaume, jambo ambalo mwanamke wa umri wangu hafanyi. Wote wakaacha kula.

“Mama,” mdogo wake alisema kwa adabu, “hapa ni pa wanaume.”

“Napaona.” Nikamgeukia mkubwa. “Fungua mkono.”

“Mama, tafadhali.”

“Fungua mkono, waone.”

Alifungua. Ulikuwa mkavu. Hata mchuzi haukuwapo.

“Ameanza tena,” niliwaambia. “Siku tatu hatakula, ili mashine ya hospitali imsifu. Akitoka huko atakula kama moto wa nyikani. Mnadhani nimekuja Koboko kuwanyima nyama kwa sababu ya uchoyo? Mwanangu, vua kiatu.”

“Siwezi, Mama.”

“Nitakuvua mimi, kama nilivyokuvua mbele ya daktari, na kama nilivyokuvua ulipokuwa huwezi kusema. Chagua.”

Magari yalipita. Kisha akavua mwenyewe, akafungua kitambaa cheupe, akawaonyesha. Hakuwatazama usoni. “Ni sukari,” alisema. “Wanataka kuukata.”

Mdogo wake aliweka mkono juu ya kichwa chake. Yule Mkongo alisema neno la kwao ambalo sitamwambia mjukuu wangu aliandike. Yule wa Sudan Kusini aliuinamia mguu karibu sana, bila kuziba pua.

“Baba yangu ilikuwa na hii,” alisema. “Ilikatwa hapa, halafu hapa, halafu ikakufa. Rafiki, kwa nini hukusema? Tulikuwa tunakuuliza kila siku una nini.”

Nikamega enya, nikachovya katika kunde, nikaliweka tonge katika ule mkono mkavu wa mwanangu. “Ile mashine acha imwambie muuguzi inachotaka. Mimi nataka mguu. Kula.”

Akala. Mdogo wake akala baada yake, machozi yakimdondokea ndani ya chakula, na nilimwacha hivyo bila kumfariji, kwa sababu nilikuwa bado nina soda zake kichwani.

Namba ya mwezi ule ilikuwa mbaya. Muuguzi aliisoma kwa sauti, kama mwanangu alivyoogopa, na watu waliokuwa kwenye benchi walisikia. Hakuna aliyekufa kwa kuisikia. Muuguzi alimwuliza kama amekula jana, akasema amekula. Juzi, akasema amekula. Akauliza amekula nini, naye akataja kila kitu, hata karanga. Muuguzi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

“Sasa tunaweza kufanya kazi,” alisema. “Miaka miwili nilikuwa nikitibu siku tatu tu za mwezi.”

Walimbadilishia vidonge, wakampa vinavyolingana na chakula anachokula kweli. Nami naeleza hili kwa sababu wapo wengine. Kwenye benchi lile lile, baada ya maneno hayo, niliona wanawake wawili wakitazamana, na mmoja akaingiza mkono mfukoni akakamata kitu akakificha zaidi. Nilijua ni kifuko cha majani yale. Ningeweza kumrarua. Lakini hasira yangu haikuwa juu yake, ilikuwa juu ya wale wanaoketi Vurra juu ya viti vya plastiki wakimwuzia njaa mtu mgonjwa, njaa ambayo sisi tuliikimbia kwa miguu.

Kidole hakikupona. Mfupa ulikwisha kuharibika kabla sijapanda gari la Koboko. Daktari alisema kwamba kisipotolewa kitaambukiza mguu mzima, na mwanangu akatia sahihi kwenye karatasi. Walikata kidole kikubwa cha mguu wa kushoto. Mguu wakauacha. Watu walikuja kunipongeza kwamba mguu umebaki, na niliwapa viti na maji, lakini moyoni niliwafukuza. Kidole kile nilikinyonya mwenyewe kilipovimba kwa mwiba akiwa na miaka minne. Kingekuwapo leo kama nisingenyamaza usiku ule wa kwanza, alipokataa sahani yangu akaniambia siyajui mambo ya hospitali. Nilijua la kutosha.

Jeraha lilichukua miezi mingi kufunga. Nilibaki Koboko muda wote huo. Hakuna siku ambayo kitu kikubwa kilitokea. Tulipika, wakala. Nyuma ya nyumba mkwe wangu alipanda kunde na mlenda ili asingoje soko, na baada ya muda ni yeye aliyekuwa akinikosoa nikizidisha chumvi. Mwanangu alianza kutembea kila asubuhi, kwanza mpaka mwisho wa maduka, baadaye mpaka kanisani na kurudi. Suruali zake zililegea polepole hata hakuna aliyeweza kusema ni lini, na yeye mwenyewe alidhani ni mkanda uliochakaa. Yule Mkongo alisema kwa siri kwamba mke wake wa Aru, kule kwao Kongo, amemwuliza anakula wapi siku hizi, maana naye tumbo limeshuka.

Juma lililopita, kabla sijarudi kwangu Arua, nilikuwa nimeketi kivulini upande wa jiko, nikichambua maharage. Wanaume walikuwa kibarazani wakibishana juu ya bei za mpakani. Sinia lilikuwa bado na chakula, zaidi ya robo ya enya na mboga pembeni. Mwanangu akautoa mkono wake, akauosha katika bakuli.

“Mimi nimeshiba,” alisema.

Niliacha maharage. Nilingoja aulizwe ana nini, ananuna nini, anamshuku nani. Mdogo wake alilivuta sinia karibu yake bila kumtazama, akaendelea kubishana na Mkongo, na mkono wake ukaendelea kwenda na kurudi.